Askari Aliyekuwa Chini ya Sinia

Mpaka leo nikiona sinia linang'aa ukutani kwa mtu moyo unanidunda, na wanaonijua wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo nyinyi msioijua habari hii afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeumbuka, maana huko nje imeshatiwa chumvi nyingi.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, Birmingham, Uingereza. Nilikuwa nafanya kazi mtaa wa Hockley, kwenye karakana ndogo ya kuchonga maandishi juu ya vyombo vya fedha, yaani vikombe vya washindi, saa za wastaafu, masinia, siku nzima umeinama mpaka shingo inakauka. Na ugonjwa wangu wakati huo (msinicheke, nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita) ulikuwa vile vijitabu vya katuni za vita, vidogo vya kuingia mfuko wa koti, ambavyo Waingereza waliwauzia watoto wao. Hadithi zenyewe wala sikuzisoma. Mimi nilikuwa nakula picha tu. Mchoraji ana wino mweusi na karatasi mbovu, basi, lakini kwa mistari myembamba iliyopishana anakutolea matope, mvua, koti lililolowa, uso wa mtu ambaye hajalala siku tatu. Mimi niliyelipwa kukwaruza mistari juu ya chuma nilijua ile ni kazi ngumu kiasi gani, na kila Jumamosi jioni ungenikuta mtaa wa Digbeth kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu, napekua mpaka vidole vinakuwa vyeusi.

Sasa, nilikuwa nampenda Raheli, msichana wa kwetu Kenya aliyekuwa akisomea uuguzi, na baba yake, Mzee Yohana, alikuwa amekuja kumwona akihitimu. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Zamani, Vita vya Pili vya Dunia, alipigana Burma, askari wa Mwingereza, na Raheli alinionya kwamba kwao habari za vita haziulizwi kabisa. Nilikuwa nimeshatuma wazee wawili wa kanisa wakaniposee, na Mzee Yohana akawaambia atatoa jibu kabla hajapanda ndege. Kwa hiyo wiki zile nilikuwa mtu safi kupita kiasi, ibadani nafika wa kwanza, vijitabu vyote nimevisukuma chini ya kitanda.

Ushirika wetu wa kanisa, sisi watu wa Afrika Mashariki wa pale Sparkbrook, ukachanga, tukanunua sinia la kumuagia mzee, na nani wa kulichonga jina lake kama si mimi.

Hapo ndipo nilipojikoroga. Sinia halikuwa la fedha, na chuma kile sikuwa nimekizoea, ilibidi nijaribu ncha ya kuchongea kwanza, na fundi hujaribu kwenye kipande chakavu, lakini vipande vilikuwa ghorofa ya chini na mimi nikaona uvivu, nikaligeuza sinia. Nikajiambia, nani anatazama chini ya sinia? Nikachora kofia moja ya chuma, ndogo, ya kujaribu tu. Kofia ikataka uso. Uso ukataka mabega, mabega yakataka bunduki, nyuma nikaona pako wazi nikaweka kifaru cha vita kinachotoka kwenye moshi, na nilipokuja kuzinduka saa ya chakula imekwisha, askari amejaa sinia zima, mdomo wazi, na juu ya kichwa chake (hili ndilo siwezi kujisamehe) nimemwekea lile puto la maneno la kwenye katuni, ndani yake AAARGH.

Alikuwa mzuri, sisemi uongo. Upande wa juu nikachonga jina la mzee kwa adabu zote, kisha chini nikabandika kitambaa cha kijani, kile cha kuzuia chombo kisikwaruze meza. Gundi ilitaka siku nzima kukauka. Mimi niliipa muda wa kuoga na kuvaa suti, kwa sababu sherehe ilikuwa saa kumi alasiri hiyohiyo.

Kitu nilichosahau ni sisi wenyewe. Mwingereza angemkabidhi mzee sinia lake, wakashikana mikono, wakanywa chai. Kwetu zawadi haitolewi hivyo. Akina mama wanaitoa mlangoni kwa wimbo, wameinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, wanacheza nayo taratibu mpaka mbele, na nyie wengine mmekaa, macho juu. Aliyelishika sinia ni Mama Dorika, mke wa mchungaji. Ukumbi wa kanisa ulikuwa na joto la kutosha. Nikaona kona moja ya kitambaa inaachia, nikaanza kuomba kimoyomoyo, ikaachia ya pili, kisha kitambaa chote kikashuka polepole kikatua juu ya kofia ya Mama Dorika, naye akidhani ametunzwa leso akazidisha kucheza. Akazunguka nalo ukumbi mzima. Kila mtu akamwona yule askari anapiga mayowe katikati ya haleluya. Wimbo ukafa safu kwa safu, akabaki Mama Dorika anaimba peke yake.

Mzee Yohana akalipokea, akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga. Raheli alikuwa ananitazama mimi, na macho yake nisiwaeleze.

"Nani amechora hii?" mzee akauliza.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, baba, nilikuwa najaribu ncha, nikaendelea na habari za vipande chakavu na gundi mpaka mtu mmoja nyuma akaangua kicheko na ukumbi mzima ukamfuata. Mzee hakucheka. Akasema kesho anataka kuona nilikojifunzia kuchora hivyo.

Siku ya pili akaja chumbani kwangu na Raheli, akakaa kwenye kiti changu kimoja, nami nikavuta vijitabu, shule yangu yenyewe, kutoka uvunguni nikijua kabisa kwamba posa yangu imekwenda na maji. Akavipitia kimoja kimoja. Alipofika kwenye cha msitu wa Burma akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye majani, akasema majani yalikuwa hivi. Akakishusha kwenye matope, akasema na matope vilevile, huyu mtu anajua kuchora. Raheli alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akitaja Burma tangu azaliwe, akakaa kitandani. Mzee akafika ukurasa wa mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena.

"Sisi hatumo," akasema.

Vijitabu vile nilikuwa nimevikodolea macho miaka, mstari kwa mstari, na sikuwahi hata siku moja kuuliza sisi Waafrika tuko wapi. Nakwambieni aibu ya pale chumbani ilinichoma kuliko ile ya ukumbini.

Mzee akavua miwani, akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti.

"Lete kalamu unichore," akasema. "Na Raheli akushikie karatasi, azoee, maana ndiyo kazi atakayoishi nayo nyumbani kwako."

Nimeapa sitachora tena juu ya kitu cha mtu bila kuombwa. Siku ile niliombwa, na nikaharibu karatasi ya kwanza na ya pili, na mzee, bila kugeuza shingo, akasema nianze upya tu, ndege yake ni Alhamisi.