Mzee Aliyetaka Kuitwa

Harufu ya maganda ya machungwa yakichemka na sukari hunifanya nitafute mahali pa kukaa. Juzi jirani yangu alikuwa akipika jemu, ile chungu ambayo Waingereza huipaka kwenye mkate uliochomwa, nami nikasimama kwenye ngazi za jengo letu na mifuko ya sokoni mikononi. Mtu mzima na akili zangu, nikajikuta nina miaka tisa tena, nimeketi kwenye zulia la kijani kule College Park, nikimsomea mzee wa Kiingereza habari za wenzake waliokufa.

Nitawaeleza. Ninyi nisikilizeni tu, hukumu mtaitoa nikishamaliza.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Tulikaa Gaithersburg, huku ughaibuni, kwenye ghorofa ambamo kila jioni ngazi zilinuka vitunguu vya kila taifa. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, na mzee wake wa wakati huo aliitwa Wilfred. Alikuwa amekaa bungeni kwao Uingereza miaka mingi, akawa naibu waziri kwa kitambo kidogo, akapewa na cheo cha kuitwa lodi. Kisha mkewe akafa, magoti yakagoma, na binti yake aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu kule College Park akamchukua akae naye. Jumamosi Baba alishinda barabarani na basi dogo la kupeleka abiria uwanja wa ndege, kwa hiyo mimi nilifuatana na Mama kazini. Mdogo wangu aliachwa kwa jirani kwa sababu hakujua kutulia. Mimi nilijua. Nilikuwa mtoto wa kusifiwa kwa adabu, na mtaona adabu hiyo ilinifikisha wapi.

Mzee aliletewa magazeti ya kwao kwa posta, yakifika yamechacha wiki nzima, na macho yake yalikuwa yamechoka. Basi nikawa macho yake. Hatukusoma vita wala mpira. Tulifungua moja kwa moja ukurasa wa tanzia.

“Nani katangulia?” aliuliza huku akipaka jemu.

Nikitaja mtu aliyemjua alianza kumpima marehemu kama mama sokoni anavyopima nyanya. Nusu ukurasa! Kwa yule aliyekuwa akisinzia bungeni mdomo wazi? Na picha juu! Tukimaliza wafu tulihamia kwa walio hai, na hapo ndipo raha ilipokuwa. Alikuwa na wazee wenzake wa siasa aliowafuatilia kama watu wanavyofuatilia timu: mmoja moyo wake ulikuwa ukisukumwa na kifaa, mmoja alikuwa amesahau majina ya watoto wake lakini bado anahutubia, na mmoja, adui yake wa tangu ujana, alikuwa mzima kabisa na hilo lilimkera sana. “Sasa yupi anafuata?” ananiuliza. “Na watamkumbuka kwa lipi?” Mimi najibu, “Kwa kusinzia!” Mzee anacheka mpaka anakohoa, na Mama anachungulia kutoka jikoni na lile jicho lake.

“Wewe Nyambura,” aliniambia garini. “Kifo kina masikio. Kazi yangu ni kumweka huyo mzee hai, nawe umekaa hapo unakiita kije!”

Jambo moja tu halikumchekesha Mzee, nalo ni tanzia yake mwenyewe. “Mimi watanipa nusu ukurasa,” alisema siku moja, “na katikati wataziweka zile kambi.” Nikamuuliza kambi gani. Akanieleza kwamba alipokuwa mbunge kijana alitumwa na wenzake kwenda Kenya, huko kwenye baridi karibu na mlima, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapigania uhuru. Walionyeshwa kambi walimofungiwa watu, wakanywa chai na wakubwa wa kambi, wakarudi London wakasema mambo ni shwari. “Nilisema nilichoonyeshwa,” alisema, na alisema mara mbili. Kwangu mimi kambi ilikuwa mahali watoto wa darasa letu walikokwenda kiangazi kuogelea. Sikuona aibu iko wapi.

Lakini nilimwona amesinyaa, na nilimpenda. Hilo nalisema waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Alinisikiliza nikiongea, jambo ambalo watu wazima wa kwetu hawakuwa na nafasi nalo, na kila Jumamosi aliniwekea biskuti za siagi kwenye kitambaa cha karatasi. Aliposema kwamba kesho yake watu watafungia samaki ile nusu ukurasa yake na habari zake ziishie hapo, nikamhurumia.

“Kwetu mtu haishii hapo,” nikamwambia. “Kwetu mtu anaitwa.”

Nikamweleza. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, mvulana wa kwanza la baba wa baba, na mvulana wa pili huenda upande wa mama, kwa baba yake mama. Aliyeitwa amerudi. Ndiyo maana Baba akinifurahia huniita “mama”. Mzee aliweka kisu cha jemu chini. Akaniuliza kuhusu tumbo la Mama, maana Mama alikuwa mjamzito wakati huo, mimba ya utu uzima ambayo kanisa zima liliiombea. Akasema yeye hana mjukuu, na duniani hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa jina lake.

Ulimi hauna mfupa. “Akiwa mvulana,” nikamwambia, “anaweza kuwa wewe.”

Wiki iliyofuata binti yake Mzee alimkumbatia Mama mlangoni na machozi. Alimshukuru kwa ile ahadi ya jina, akasema baba yake hajazungumzia kufa tangu Jumamosi, amekula, amenyolewa ndevu, anaimba. Mama akatabasamu hivyo hivyo. Karatasi zake za kuishi nchi hii zilikuwa mikononi mwa mwanamke yule, yeye ndiye aliyemdhamini. Tulipoingia barabara ya 270 Mama hakuwasha redio. Tulipokaribia kushuka ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyotegemea, “Umenifanyia nini, mwanangu?”

Sikujua nimefanya nini mpaka Shosho alipokuja.

Shosho, mama yake Mama, alitoka Nyeri na kiondo kimoja cha kufumwa, sweta mbili, na shughuli moja tu. Mumewe alichukuliwa nyumbani wakati wa ile Hali ya Hatari, Mama angali tumboni. Alitoka na koti la mvua, hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna kaburi, na Mama alikuwa mtoto wao wa pekee. Kwa hiyo jina la mume huyo, Ndirangu, lilikuwa na mlango mmoja tu wa kurudia duniani, nao ulikuwa tumbo la Mama. Mdogo wangu, mvulana wa kwanza, alikuwa na jina la upande wa Baba. Huyu, akiwa mvulana, ndiye Ndirangu, na kwa umri wa Mama hakungekuwa na mwingine. Shosho alikuja kumpokea mumewe. Alisema hivyo hivyo, bila haya, akimpapasa Mama tumbo: “Huyu mwanamume amenichelewesha.”

Mama alimwambia kuhusu Wilfred usiku mmoja wakikunja nguo. Nilitegemea vita. Shosho alifikiri tu, akasema, “Mpe la ubatizo. La ubatizo ni koti, mtu huvaa akavua. La ndani ni Ndirangu.” Mama akashusha pumzi, na mimi kitandani nikashusha yangu.

Ingeishia hapo, lakini mdomo wangu haukuwa umemaliza kazi. Shosho hakujua Kiingereza, na mimi niliyekuja nchi hii ningali na Kiswahili mdomoni ndiye niliyekuwa mkalimani wake dukani, kanisani, kwa daktari wa meno. Tulizoeana. Siku moja akimenya viazi nikamfundisha mchezo wa Mzee, wa nani anafuata na atakumbukwa kwa lipi. Akacheka, akamchezea mchungaji wao wa Nyeri. Nami kwa furaha nikamweleza kwamba Mzee mwenyewe anaogopa watamkumbuka kwa kambi za Kenya, alikwenda akanywa chai akasema mambo ni shwari.

Kisu kilisimama. “Alisema shwari?”

“Anasema alisema alichoonyeshwa.”

Alimaliza kumenya kile kiazi, akakiosha vizuri. “Nataka kumwona,” akasema.

Mtoto alizaliwa mvulana, mnene, mwenye kelele. Mwezi haukupita binti yake Mzee akatualika tumpeleke mtoto. Mama alimsihi Shosho abaki, Shosho akavaa kitambaa chake kizuri. “Mama, tafadhali,” alisema Mama mlangoni, “ile ni kazi yangu.”

“Sitaenda kumtukana mtu nyumbani kwake,” Shosho akajibu. “Nitasema jina la mtoto tu.”

Mzee alikuwa kitini, blanketi magotini, shati limepigwa pasi. Walimwekea mtoto mapajani, naye akamfunika miguu kwa blanketi. “Karibu, Wilfred,” alimwambia. Binti yake alikuwa dirishani akijifuta macho. Nyumba ilinuka machungwa. Ndipo Shosho akasimama mbele ya kiti kile, mwanamke mfupi, viatu vya kanisani, akaniita ubavuni pake.

“Mwambie,” alisema, taratibu, akiniachia nafasi. “Huyu ni Ndirangu. Ndirangu ni mume wangu, waliomchukua walimpeleka kwenye zile kambi alizokwenda yeye kuziona. Mwambie sina matusi. Nataka alijue jina, na alitamke kwa mdomo wake. Basi.”

Nilimtazama Mama. Mama, aliyesikia kila neno kwa lugha zote mbili, alikuwa akitazama zulia. Nilimtazama Mzee, akinisubiri na uso wazi kama wa mtoto kwenye sikukuu. Nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri cha shule:

“Anasema mtoto huyu ni wewe, Wilfred. Anasema anashukuru sana.”

Mzee akalia. Aliinamisha kichwa mbele ya Shosho, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Shosho hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, muda mrefu, jicho lisilo na hasira. “Amesemaje?” akaniuliza. Nikasema, “Amesikia.” Akatikisa kichwa kukubali, akainama akamchukua mtoto.

Wakati wa kuondoka Mzee alinifungia biskuti zote zilizokuwa sahanini. Garini Shosho aliketi nyuma na mtoto, mimi mbele, Mama akiendesha. Njia nzima nilimsikia Shosho akinong'ona sikioni mwa mtoto, Ndirangu, Ndirangu, kila taa nyekundu, Ndirangu. Nikadhani anambembeleza alale.

Toka siku ile hakunituma tena kumsemea. Dukani alinyoosha kidole kwenye kabichi, akanyoosha kwenye nyama, mwenye duka akamwelewa. Nikafikiri amezoea nchi. Hata nilifurahi, maana niliogopa kuulizwa.

Shosho alirudi kwao. Mzee alikufa kabla majani hayajaisha kuanguka, akilala, uso umetulia. Alipewa nusu ukurasa kama alivyotabiri, na kambi katikati, sentensi moja tu. Nililia siku mbili. Mama hakunikemea wala hakunibembeleza. Karatasi zake zilitoka mwaka uliofuata.

Shosho alipofariki mimi nilikuwa chuoni. Tulisafiri kwenda kumzika Nyeri, na msemaji wa ukoo akasimama akaeleza jinsi mama huyu alivyopanda ndege akamwambia Mwingereza wa bungeni jina la mumewe ana kwa ana. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akaomba mjukuu aliyekuwa mkalimani siku hiyo asimame asalimie. Nilisimama. Jamani, nilisimama, nikapungia watu mkono. Mama alikuwa akitazama majani, kama alivyotazama zulia.

Miaka yote hiyo nilijifariji kwa kitu kimoja: nilimdanganya Shosho, ndiyo, lakini alikufa na amani yake. Mpaka mwaka jana. Nilikuwa Silver Spring nikisukwa kwa dada wawili wa Kihabeshi, wanapiga soga kwa lugha yao, mimi sielewi hata moja, kelele tu, nasinzia. Ghafla katikati ya kelele hiyo nikasikia Nyambura. Nikafumbua macho. Wakacheka, wakasema walikuwa wakisifia nywele zangu. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu hapo hapo nilimkumbuka Shosho mbele ya kile kiti.

Jina halina tafsiri. Shosho hakujua Kiingereza, lakini Ndirangu alimjua. Alisimama pale akilisubiri neno moja tu katika kelele zangu, neno ambalo angelitambua kwa lugha yoyote duniani, na akasikia likipita Wilfred. Alijua kabla sijafunga mdomo. Hakuniumbua mbele ya mwajiri wa mama yangu. Hakuniuliza garini. Na kijijini hakusema uongo hata mmoja, maana yeye kweli alisema.

Alichofanya ni kulirudia mwenyewe, kutoka College Park mpaka Gaithersburg, kwenye sikio la mtoto, kwa sababu aliyetumwa kulisema alikuwa ameketi kiti cha mbele akila biskuti.