Somo Langu la Kusikiliza

Ndugu wasomaji, mkinicheka sitakasirika, maana mie mwenyewe nimejicheka wiki nzima.

Sisi mameneja vijana wa mashirika ya umma tuna kikundi cha kujiendeleza. Kila mwezi tunatembelea kiwanda cha mwenzetu, naye anatufundisha jambo analolimudu. Safari hii zamu ilikuwa yangu, kwenye kiwanda chetu cha viatu hapa Temeke. Nilichagua somo la kuwasikiliza wafanyakazi, na nilitamani sana wenzangu wakiondoka wawe wamenichagua mwenyekiti.

Siku moja kabla, niliwakusanya wafanyakazi. "Wageni watauliza kama nawasikiliza," nikawaeleza. "Nyie jibuni kwa pamoja: ndiyo, kila siku, na tunashukuru."

Mzee Bakari, fundi wa soli, akaanza, "Sasa ndugu meneja, wakiuliza..."

"Hawatauliza lingine, mzee wangu," nikamwambia.

Wageni wakaja. Nikafundisha vizuri, wakawa wanaandika na kutikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo Ndugu Hawa, meneja wa kiwanda cha peremende, akawageukia wafanyakazi.

"Jamani, huyu meneja wenu huwa anawakatiza mkiongea?"

"Ndiyo, kila siku, na tunashukuru," wakajibu wote kwa sauti moja.

Mzee Bakari akainua mkono. "Samahani, ndugu mgeni, tulichotaka kusema..."

"Walichotaka kusema," nikadakia, "ni kwamba..."

Ndugu Hawa akafunika kalamu yake taratibu, akitabasamu.

"Ndugu mwalimu," akasema, "hebu mwache mzee amalize."