Kondo Hapandi na Kopo

Saa mbili asubuhi, pwani ya Kunduchi, fundi Kondo anamwaga ndoo ya tano ya maji ndani ya mtumbwi. Ndani, si nje. Mtumbwi umekalia magogo mawili, naye kapiga magoti ubavuni, kiganja kinapapasa mbao polepole.

"Hapa," anasema. Tone limemgusa kidole. Anapaka mkaa.

Zamani alikuwaga anatafuta ufa kwa macho. Sasa macho yana ukungu, mtoto wa jicho huyo, mwaka wa pili. Basi kaamua maji yamwonyeshe. Yatakapotokea ndipo yanapoingilia, si ndiyo?

Ila maneno ya watu hayana breki: fundi haoni, ufa atauzibaje? Alikuwa anapata mitumbwi sita kwa mwezi, mwezi huu kapata huu mmoja. Jonas, mteja wake wa miaka, aliuchukua wake ukiwa haujaguswa. Huu nao ukivuja, kazi ya miaka thelathini imekwisha.

Mwenye mtumbwi ni Mudathir, mvuvi wa hapo hapo. Aligonga mwamba, akapigilia bati na lami juu ya ufa, akaona kamaliza. Chini ya bati mti ukaoza kimya kimya.

"Umefunga kidonda na usaha wake," Kondo anamwambia.

"Nilikuwa na haraka, mzee."

"Haya, haraka imekuleta kwangu."

Siku nne anachonga uozo kwa tezo mpaka afikie mti mzima. Anatia kipande kipya cha mwembe, anasindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio. Anapapasa, anarudia.

Siku ya tano, mtumbwi majini. Kondo ana desturi yake: aliyetengeneza ndiye anapanda kwanza, na kopo la kutolea maji linabaki mchangani.

Mkewe, Bi Tunu, kashika kiuno.

"Baba Najma, macho huna, kuogelea hujui, na kopo huchukui?"

"Nikilichukua, mie mwenyewe nimeshasema unavuja."

Anakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya mtumbwi. Mudathir anapiga kasia mpaka kwenye boya, wanazunguka, wanarudi. Pwani watu wanatazama. Jonas naye yupo, kajitenga pembeni.

Kondo anashuka, anawageuzia watu mgongo. Suruali ya kaki, makalioni kukavu.

"Mwanamume!" Bi Tunu anacheka, anajifuta macho kwa khanga.

Kondo anasema akijaliwa, mwakani atafanyiwa upasuaji wa jicho moja. "Nataka niuone uso wa mjukuu wangu vizuri. Lakini ndoo siachi. Macho yalikuwaga yananidanganya, maji hayajanidanganya hata siku moja."

Jonas anasogea, kainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee. Na wangu… niulete?"

"Marahaba. Ulete," anasema Kondo. "Na maji utateka wewe."