Kijiti cha Mwisho cha Nassor

Dada yangu Mwanawema yumo edani, jana ilikuwa siku ya arubaini na moja, na chozi lilikuwa halijamtoka. Watu wa Mtambile wamemsema mpaka wamechoka, na mimi nimechoka kumtetea. Hakuwa na huzuni wala nini, alikuwa amekufa ganzi. Anakula akiwekewa, anaswali, kisha anakaa dirishani kuitazama Landrova ya marehemu mumewe, Nassor, iliyosimama uani tangu siku ya maziko.

Jana asubuhi ikaja habari kwamba shemeji yake, Rajab, atakuja baada ya adhuhuri aichukue gari, avuke nayo hori la mikoko maji yakitoka, akapakie karafuu. Gari hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Hapo dada akafumbua mdomo.

"Asya, ingia chini ya gari."

"Mie? Na nguo hizi?"

"Ingia. Mie siwezi kutoka, na Rajab siwezi kusema naye."

Baba yetu alikuwa fundi Mkoani. Mimi niliikimbia grisi, yeye aliipenda. Basi nikajifunga kanga kifuani, nikalala chali kwenye vumbi nikiwa na hasira zangu, naye akanielekeza kutoka dirishani.

"Tafuta ekseli ya nyuma, lile bomba la chuma linaloshika magurudumu. Katikati lina tumbo. Umeliona?"

"Nimeliona. Na buibui nimemuona."

"Muache. Kando ya tumbo, juu, pana kichuchu, na mpira mwembamba unapanda mpaka kwenye chesisi. Ufuate mpaka mwisho wake."

Nikaufuata kwa vidole. Mwishoni kidole kikagusa mti. Mtu ameuziba mpira kwa kijiti kilichochongwa vizuri.

"Umezibwa," nikasema. "Si vizuri hivyo? Maji hayaingii."

"Ndivyo alivyosema Nassor." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ekseli ikenda mbio hupata moto. Ikitumbukia majini hupoa ghafla na kuvuta hewa. Ikikosa pa kuvutia, huvuta maji ya chumvi kwenye sili, zile pete za mpira za magurudumuni. Oili inageuka chai ya maziwa, na gari imekwisha. Kichomoe."

Nikakichomoa. Nikaupuliza mpira kama alivyoniagiza, hewa ikapita bila kukwama. Nikaufuta mdomo wake, nikaufunga upya juu kwenye chesisi, mbali na matope, nikatoka nimechafuka kama nguruwe pori.

Nikampa kijiti kupitia dirishani. Akakitia kiganjani, akainama, akavuta kopo la maziwa uvunguni mwa kitanda. Lilikuwa limejaa vijiti kama kile.

"Nilimwambia mara moja, akanicheka. Akasema tundu baharini huzibwa, haliachwi wazi. Sikumwambia tena. Kila akitaka kuvuka, jioni anaziba. Alfajiri akenda msikitini, mie natoka nachomoa. Akija kukikosa, husema kimedondoka majini. Miaka kumi na sita. Watu wakimsifu kwa kuitunza gari, nami nafurahi."

Nikataka kucheka, nikamtazama uso nikaacha.

"Na hichi?"

"Hichi alikitia jioni ile. Alfajiri akenda kuswali. Mie natafuta makubadhi nitoke nikakichomoe, nikasikia watu wanabisha hodi."

Nassor alikuwa ameanguka kwenye ngazi za msikiti. Hilo nililijua, nilifika kabla maiti hajaletwa nyumbani. La makubadhi sikuwa nimelisikia.

Akakishindilia kijiti koponi, kisha akakitoa, akakitazama ncha iliyochongwa kwa kisu cha Nassor.

"Hatachonga chengine," akasema.

Rajab alipopiga hodi kuchukua gari, dada alikuwa bado analia, na mimi sikumnyamazisha.