Wivu Wangu kwa Binamu wa Kaagya

Juzi nilikwenda Kaagya, nikamkuta binamu yangu uani akigeuza kahawa juani, akiyumba mbele na nyuma, mikono yake ikipepea kama zamani. Mtu mzima mwenye ndevu. Wivu ulinishika hata nikachelewa kumsalimu.

Tulizaliwa mwaka mmoja, na sote wawili tuna usonji, ingawa wakati ule kwetu hakuna aliyelijua neno hilo. Likizo zote tulikuwa kwa bibi, hapo hapo Kaagya. Ungetuona, ndugu yangu! Bibi akianika kahawa majamvini, sisi tulijilaza kando tukizichota punje na kuzimwaga, tukisikiliza zinavyochakacha. Wageni wakitushangaa, bibi aliwaambia, "Waacheni, wanaongea na kahawa," kisha anarudi kumenya ndizi. Mpaka leo nikinusa majani ya mgomba yaliyofunika chungu, nausikia ule mlio.

Baadaye baba akapata kazi Bukoba mjini, tukahamia mtaa wa Bilele. Mama akasikia habari za mwalimu wa Kahororo aliyefundisha watoto kama mimi. Kila asubuhi nilikaa mezani kwake. Nikimtazama machoni, napewa panzi senene wa kukaanga. Nikituliza mikono mapajani, napewa mwingine. Sikupigwa hata siku moja, na neno langu la kwanza lilipotoka, mwalimu ndiye aliyelia. Binamu alibaki kijijini. Shangazi, mama yake, hakuwa na pa kumpeleka.

Leo nauza katika duka la dawa. Nawatazama wateja machoni, nawauliza habari za watoto, nacheka panapostahili. Wanasema nimepona. Jioni nafunga mlango, najifunika kanga kichwani mpaka sauti zao zinitoke. Na mikono yangu haipepei tena, hata nikiwa peke yangu. Nimejaribu. Inakaa tu.

Haya yote nilimwambia shangazi siku ile ya juzi, tukimenya ndizi jikoni. Nikamwambia namwonea wivu mwanawe, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kujificha. Akaendelea kumenya.

"Masika yaliyopita jino lake lilioza," akasema. "Hakuweza kuniambia. Nilijua alipoanza kujigonga kichwa ukutani. Wewe ukiumwa, mwanangu, unasema. Mama yako nimemwonea wivu tangu siku ile ulipomwita 'Mama'."

Wivu wangu haukuondoka, na nadhani wake pia haukuondoka. Tulipopakua, binamu akaingia, akala bila kututazama, akarudi uani kwenye jua lake.

Kabla ya kuondoka nilipita nyuma ya nyumba. Ugonjwa wa mnyauko umemaliza nusu ya migomba, na mahali palipokuwa na kivuli siku zote, sasa jua linapiga moja kwa moja juu ya kaburi la bibi. Katika ukoo wetu wote, ni yeye tu ambaye hakuwahi kutulinganisha.