Maji Juu ya Nembo

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyuso za waja wake zisifanane, na bado hamchanganyi hata mmoja. Namshukuru kwa kunifikisha umri huu, nikiwa na akili yangu na magoti yanayokubali kusujudu.

Mkwe wangu hununua mafuta ya nyonyo katika duka moja la Karama, hapa Dubai, na kila akiyafungua nyumbani kwetu Al Qusais, harufu yake nzito hunirudisha Newala, kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa na nembo za Kimakonde uso mzima, mistari iliyopindapinda mashavuni na kwenye paji. Alichanjwa kwa kisu akiwa msichana mdogo, kisha vidonda vikapakwa masizi ya mbegu za nyonyo zilizochomwa, ndiyo maana nembo zilibaki na rangi ya buluu iliyokolea. Zamani nembo ndiyo iliyomtambulisha mtu. Popote ulipokwenda, watu walikusoma usoni wakajua umetoka kwa nani. Nilizipenda. Nikilala karibu yake nilizifuata kwa kidole, kama njia za shambani.

Mwaka ninaoukumbuka, Ramadhani iliangukia msimu wa korosho. Bibi alisilimu ukubwani, na alifunga kuliko sisi sote, lakini hakuwahi kusimama safuni na wanawake wenzake. Aliswali peke yake nyuma ya nyumba, kwa woga. Aliposilimu aliambiwa kwamba kitu chochote kinachozuia maji kufika kwenye ngozi, kama rangi au ulimbo, kinaharibu udhu. Akaamini kwamba masizi ya nembo nayo ni tabaka, na maji hayapiti. Basi alisugua. Newala iko juu, haina maji. Tuliyafuata bondeni, tukayapandisha kichwani, na Bibi akayamalizia usoni kwa dodoki.

"Bibi, utaichubua hiyo pua, mwisho ubaki na nembo bila uso," jirani yetu Mama Zuhura alimtania.

"Bora nikose uso kuliko kukosa swala," akajibu, akaendelea kusugua.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba Mtume atautambua umma wake kwa nuru ya udhu nyusoni, nami nikamsimulia. Aliweka dodoki chini, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, mimi nitatambuliwaje, kama udhu haujawahi kunishika?" Kesho yake nikamwomba Maalim Saidi, aliyetusomesha Kurani, apite kwetu.

Maalim aliketi kibarazani, akamsikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka.

"Bibi, mvua ikikukuta shambani, unalowa wapi?"

"Mwili mzima."

"Na nembo zinabaki kavu?"

Bibi akajipapasa shavu. "Hapana. Zinalowa."

"Basi maji yamefika. Masizi yako ndani ya ngozi, hayako juu yake. Na ulichofanyiwa utotoni hutaulizwa wewe."

"Kwa hiyo siku zote yalikuwa yanafika?"

"Siku zote."

Bibi akacheka huku machozi yanamtoka. "Maalim, na maji yote yale niliyombebesha mtoto huyu!"

Asubuhi ya Idi alitawadha kwa maji kidogo, akasimama safuni, bega lake likigusa langu.

Juzi nimerudi kutoka Mtwara. Kwenye uwanja wa ndege wa Dubai siku hizi mashine ndiyo inayosoma uso. "Mama, tazama taa, yalla," kijana wa pale akanihimiza. Nikatazama, lango likafunguka, ingawa uso wangu haukuchanjwa. Nembo zimeondoka na wazee wetu. Wajukuu zangu hakuna atakayewasoma usoni akajua wametoka Newala. Hilo hunigusa. Lakini nikimfundisha mjukuu wangu kutawadha, hapa bombani ambapo maji hayabebwi na mtu, humchorea mashavuni kwa kidole kilicholowa mistari ya bibi yangu, kama ninavyoikumbuka. "Bibi, inakauka," huniambia. Namjibu, kama Maalim alivyomjibu bibi yangu, kwamba imefika.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu auangazie uso wako, akutambue siku ambayo kila mtu atatafuta wa kumtambua. Amin.