Kilima Kisicho na Fidia

Hasira kwa watu wengine ni mgeni: inabisha, inakaa kidogo, inaaga. Kwa Mama Chokaa ilikuwa mwenye nyumba. Aliamka nayo, akaenda nayo kazini, akarudi nayo jioni, na ukithubutu kumwambia kwamba hasira hasara, alikuuliza hiyo hasara anaila nani, yeye au wewe unayechota maji kwenye kisima kilicho ubavuni mwa choo.

Alikuwa bibi afya wa mji mdogo uliozungukwa na mashamba pande zote. Jina la Chokaa alibandikwa na wauza nyama, kwa sababu alitembea na ndoo ya chokaa na brashi, na bucha lililomchefua alilipiga mstari mweupe mlangoni kabla hajatoa salamu. Mstari ule ukionekana, wateja walihamia upande wa pili wa barabara mpaka mwenye bucha asugue sakafu, atie wavu dirishani na kuomba radhi. Walimchukia kweli kweli. Kwenye harusi zao walimwalika, maana kutomwalika kulitisha zaidi.

Na mji ulikuwa unakua, tena unakua ovyo. Mashamba makubwa ya mboga yaliita vibarua, vibarua wakaleta wake na watoto, na kila mwenye kipande cha ardhi akajenga vyumba vya kupangisha mgongo kwa mgongo, choo kimoja kwa ukoo mzima wa wapangaji. Maji yenye dawa za mimea yalikatiza nyuma ya shule, watoto wakayachezea. Mama Chokaa aliingia ofisi hii akatoka ile akidai mpango: nani ajenge wapi, shamba liishie wapi, choo kikae mbali kiasi gani na kisima. Walimwitikia ndiyo mama, tumesikia mama, mpaka mfagizi wa ofisi akawa anaijua hotuba yake kwa moyo.

"Mji bila mpango ni mimba bila kliniki," alikuwa akiwaambia. "Mtajifungua tu. Mtakachozaa ndicho mtakijua siku hiyo."

Kitu kimoja tu alifanikiwa kukilinda, nacho ni chemchemi. Ilitoka chini ya kilima, ikanywesha mji na bustani zote za bondeni. Juu ya kilima palikuwa na majani matupu. Mama Chokaa alijua kwamba pakilimwa, mvua ya kwanza itashusha tope lote kwenye jicho la chemchemi, na pakichimbwa vyoo, mji utavinywa. Alilisumbua baraza la mji mpaka likapitisha sheria ndogo: kilima ni hifadhi ya maji, hakuna kulima, kuchimba wala kujenga, na atakayekaidi atashtakiwa, atapigwa faini na alichopanda kitang'olewa.

Wa kwanza kunaswa na sheria hiyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Ulikuwa mwaka wa ukame, bonde limekauka, watoto wake bado wadogo, naye akapanda mihogo kilimani. Ilishika vizuri. Mahakama ikampiga faini, ikaamuru mihogo ing'olewe. Mama Chokaa akaenda na askari wa baraza kusimamia. Mdogo mtu alikunja mikono, akamwambia dada yake kama ana roho hiyo, basi aing'oe mwenyewe. Akaing'oa, shina kwa shina, mbele ya wifi yake aliyekuwa analia. Tangu siku hiyo ndugu hao walikutana misibani tu, wakapeana mkono bila kutazamana. Na baada ya hapo hakuna aliyethubutu tena kupandisha jembe kilimani. Mwanamke aliyemtenda hivyo nduguye, wewe jirani utamponea wapi?

Hatimaye mpango ukaja. Mtaalamu aliyetumwa kuupanga mji, ambaye kila mtu alimwita Bwana Mipango, alikuwa mtu mpole mwenye shati lililonyooka. Alitundika ramani yake kwenye ubao wa darasa kubwa la shule, na watu wakajaa mpaka madirishani. Mama Chokaa alikaa mbele, amevaa gauni lake zuri. Mwanzoni kidogo machozi yamtoke. Yote aliyoyapigia kelele yalikuwa pale: soko lenye mifereji, shule iliyohamishwa mbali na dawa, mistari ya miti kati ya mashamba na nyumba, zahanati mahali ambapo mama mwenye uchungu angefika kwa miguu. Kisha Bwana Mipango akaweka fimbo yake juu ya kilima.

"Na hapa ndipo makazi mapya yatakapokuwa," alisema. "Viwanja vitapimwa kuanzia juu mpaka hapa chini."

Mama Chokaa alisimama. "Baba, hapo ni juu ya chemchemi."

"Tumeliona hilo, mama. Tutaweka bomba."

"Bomba halizai maji. Bomba linaleta maji yaliyopo. Hayo maji utayatoa wapi ukishayachafua?"

Watu wakaguna. Bwana Mipango hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Chokaa zaidi.

"Nikwambie ukweli tu, mama. Kila tulikogusa tulikuta mazao ya mtu, na fidia inahesabiwa kwa mazao, mti kwa mti. Ule uwanda wa mawe nyuma ya ghala ungefaa kabisa. Lakini tulipoanza kupima, tukaukuta umejaa mipapai."

Mipapai yenyewe kila mtu aliijua. Ilipandwa juzijuzi, mara tu habari za kupima zilipovuma, na mwenye kuipanda alikuwa shemeji wa mwenyekiti wa baraza. Mingine ilikuwa imepandwa juu ya mawe, ikasimamishwa kwa vijiti.

"Kilima ndicho pekee ambacho hakina kitu," Bwana Mipango akaendelea. "Kwa kweli tunamshukuru aliyekitunza. Ametupunguzia gharama."

"Hakina kitu kwa sababu ni hifadhi. Kuna sheria."

Hapo mwenyekiti wa baraza akainuka, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, fundi wa kuuma na kupuliza.

"Mama yetu, sheria ile ilishakufa. Sheria isiyotumika si sheria. Hebu utuambie wewe mwenyewe, mara ya mwisho mtu kushtakiwa kwa sheria hiyo ni lini?"

Mama Chokaa alihesabu miaka tangu mihogo ya mdogo wake. Alikuwa ameilinda vizuri mno. Aliwatisha watu mpaka hakukuwa na wa kushtakiwa, na sasa kutii kwao ndiko kulikoiua sheria, na usafi wa kilima ndio uliokifanya kiwe rahisi kuchukuliwa. Mwizi wa ardhi alipanda mipapai akalipwa au akaachwa, na aliyefuata sheria akaambiwa asante kwa kupunguza gharama.

Sauti ikatoka nyuma kabisa, karibu na mlango. Ilikuwa ya mdogo wake.

"Dada, ungeiacha mihogo yangu, leo kilima kingekuwa na mwenyewe."

Darasa zima likacheka. Walicheka wauza nyama, wakacheka wenye vyumba vya kupangisha, akacheka hata mwenyekiti kwa adabu, kiganja mdomoni. Mama Chokaa aliketi. Uso ulimwaka, na safari hii hasira haikuwa na pa kwenda, kwa sababu alichosema nduguye kilikuwa kweli.

Asubuhi yake hakwenda kazini. Alikwenda sokoni akanunua jembe, akaomba mzigo wa vipande vya mihogo kwa mama mmoja wa bondeni, akapanda kilimani peupe, watu wakimwona. Vigingi vyekundu vya wapimaji vilikuwa vimeshasimama. Akalima katikati yake. Mawazo yake yalikuwa mafupi: kama nchi hii inaheshimu muhogo kuliko maji, basi itaukuta muhogo. Kila tuta lilimuuma. Alijua udongo anaoukatua utakwenda wapi mvua ikinyesha, na aliukatua huku akiwatukana watu ambao hawakuwepo kumsikia. Alikuwa na miaka mingi ya kukagua vyoo, hakuwa na hata mmoja wa kulima, na viganja vilimchubuka kabla jua halijafika utosini.

Chini barabarani watu walisimama kutazama. Mdogo wake alikuwa miongoni mwao. Hakuondoka mpaka tuta la mwisho.

Mwenyekiti alipopata habari alipandwa na mori. Mwanamke huyu anawaharibia, kesho kila mtu atapanda chake kilimani na fidia itakuwa balaa. Akataka ashtakiwe haraka. Lakini ashtakiwe kwa kosa gani? Viwanja vilikuwa havijagawiwa, kwa hiyo hakuwa ameingia kwa mtu. Mipapai ya shemeji ilizuia kumshtaki kwa kupanda ili alipwe fidia, maana hapo wangeanza kuulizana mengi. Karani wa baraza akapekua, akapata sheria moja tu iliyomkaa sawasawa, na mwenyekiti kwa hasira zake akaweka sahihi. Si Mama Chokaa peke yake mwenye hasira katika mji huu, ila ni yeye aliyejua kuzitumia.

Mahakama yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi na feni isiyozunguka. Mama Chokaa aliingia amejaa maneno. Alikuwa amewapangia wote, kuanzia mwenyekiti hadi aliyetengeneza feni. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea, akamwomba anyamaze kwanza asomewe shtaka.

Karani akasoma: kwamba mshtakiwa alionekana akilima ndani ya hifadhi ya maji, kinyume cha sheria ndogo ya mji.

"Rudia," alisema Mama Chokaa.

"Mshtakiwa, hapa siyo..."

"Nakuomba, mheshimiwa. Arudie."

Karani akarudia. Ndani ya hifadhi ya maji. Mama Chokaa aligeuka polepole akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti, ambaye hakuwa mjinga, akaona alichokiona yeye. Sheria aliyoiita mfu alikuwa ameitumia mwenyewe. Akasimama.

"Mheshimiwa, sisi kama baraza tunaomba kuondoa shauri. Huyu ni mama yetu, ametutumikia miaka mingi. Tumemsamehe."

"Sitaki msamaha wako," Mama Chokaa akasema. "Nimekosa. Nimelima hifadhini, kwa mkono wangu, na akili zangu timamu. Nihukumuni."

Hakimu alivua miwani. "Mama, unajua maana yake? Mtumishi mwenye hukumu anaachishwa kazi. Umebakiza muda mfupi ustaafu."

"Najua."

"Na mlalamikaji amejiondoa. Bila mlalamikaji sina shauri."

Hapo ndipo Mama Chokaa alipoogopa. Hakuwahi kuogopa mbele ya bucha wala mbele ya mkubwa yeyote, lakini sasa aliona kilima kinamponyoka mkononi kwa neno tamu la msamaha, na hakuwa na la kufanya. Alitafuta tusi, akalikosa.

"Mlalamikaji nipo mimi," mtu akasema.

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Alitembea mpaka mbele bila kumtazama dada yake.

"Mheshimiwa, maji ya chemchemi ile nayanywa mimi na wanangu. Na mimi nilishtakiwa katika chumba hiki hiki kwa sheria hii hii. Nikapigwa faini, mihogo yangu ikang'olewa. Kama sheria imekufa, nirudishiwe. Kama ipo, basi ni msumeno, ikate mbele na nyuma. Imkate na yeye."

"Ulimwona akilima?"

"Nilimwona toka tuta la kwanza. Vipande vingine kavipanda vichwa chini, lakini kavipanda."

Watu wakacheka, hakimu naye akainamisha uso kidogo. Kisha akauliza kama baraza lina hoja kwamba kilima si hifadhi. Mwenyekiti alitazama karatasi yenye sahihi yake mwenyewe, akasema hana hoja. Mama Chokaa akatiwa hatiani: kilima ni hifadhi ya maji, sheria yake iko hai, alipe faini na mihogo ing'olewe. Bwana Mipango, aliyekuwa amekaa benchi la pembeni, akaomba nakala ya hukumu. Alisema aliambiwa hakuna sheria, na kwa kuwa ipo, hawezi kupima viwanja pale, itabidi warudi kwenye uwanda wa mawe. Shemeji wa mwenyekiti akatoka nje kabla Bwana Mipango hajamaliza.

Mama Chokaa hakushangilia. Alikuwa ameikoa chemchemi, amepoteza kazi, na mji uleule ungeamka kesho na choo kimoja kwa wapangaji wote, bila mtu wa kuupiga mstari wa chokaa. Alishuka ngazi za mahakama akinung'unika. Mdogo wake alikuwa anamsubiri chini, kofia imerudi kichwani.

"Umefurahi?" Mama Chokaa akamuuliza.

"Sana."

Walisimama juani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo wanatazamana.

"Siku ile ulipong'oa yangu," mdogo mtu alisema, "watoto walilala njaa. Si siku moja, dada. Msimu mzima."

"Najua."

"Ulijua, na ukang'oa."

"Nilijua, na nikang'oa. Na leo ukipanda tena nitang'oa tena."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo aliokwisha kuujua uzito wake.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Lakini usidhani nimekusamehe."

"Sijakuomba," Mama Chokaa akajibu, na sauti ikamkatika katikati ya neno.